Tunatibu, Yesu Huponya: Safari ya Nchi ya Chai

Ukitoka Nakuru kwenda Kericho, baridi hukupokea Mau Summit. Matatu yetu ilipanda mlima nyuma ya malori ya mafuta yanayokwenda Kisumu na Busia, abiria wakafunga madirisha, na mama aliyeketi karibu nami akatoa leso akamfunika mjukuu wake miguu. Nilikuwa nakwenda Tenwek, hospitali ya misheni iliyo nje kidogo ya mji wa Bomet. Kwa muda mrefu nimewasikia wahubiri wakifundisha kwamba kiongozi Mkristo huongoza kwa upendo na humtumaini Mungu wakati wa taabu. Nayaamini maneno hayo. Ndiyo sababu nilitaka kuyaona mahali ambapo watu wameyaishi kwa vizazi, wakayalipia gharama.

Nilishuka kwanza njia panda ya Kipkelion, nikachukua bodaboda hadi mjini. Enzi za ukoloni mji huu uliitwa Lumbwa, jina ambalo wageni waliwapachika Wakipsigis, wenyeji wa milima hii. Ni katika nchi hii ya Lumbwa ambako Willis Hotchkiss, Mmarekani wa Kanisa la Marafiki aliyekuwa miongoni mwa waanzilishi wa misheni ya Kaimosi mwaka 1902, alikuja mwaka 1905 kufungua misheni ya kufundisha Injili pamoja na kazi za mikono. Katika miaka ya 1930 kazi yake ilirithiwa na World Gospel Mission, na kutokana na mizizi hiyo ndipo yalipochipuka Kanisa la Africa Gospel na hospitali ya Tenwek.

Kipkelion ina kisa kingine, na hiki watu wa makamo wanakikumbuka kwa macho yao wenyewe. Mwaka 1956 watawa Watrapisti kutoka Uholanzi walijenga hapa monasteri ya Mama Yetu wa Victoria. Walikuwa watu wa ukimya: sala usiku wa manane, kisha kazi ya shamba na ng'ombe. Mnamo Januari 2008, ghasia za baada ya uchaguzi zilipofika milima hii, mamia ya watu waliofukuzwa makwao walikimbilia monasteri. Kuwapokea kulikuwa kujitia hatarini, maana siku zile aliyemficha jirani wa kabila jingine alihesabiwa msaliti. Watawa waliwapokea.

Kwenye kibanda cha chai karibu na stendi nilimuuliza mama muuza chapati anakumbuka nini. Alifuta mikono kwenye aproni, akaketi kabla ya kujibu. "Wale hawakuwa na askari wala bunduki, kijana wangu. Walikuwa na geti tu, nao walilifungua."

Baada ya machafuko yale watawa wenyewe walihama, wakaenda kuanza upya Uganda. Ni lazima kusema hivyo waziwazi, kwa sababu mahubiri mengi kuhusu kumtumaini Mungu huishia kwenye ushindi: ukitoa utapokea, ukivumilia utapanda cheo. Watawa wa Kipkelion walitoa, nao wakapoteza makao waliyoyajenga kwa nusu karne. Waliojificha mle wakatoka wakiwa hai. Ukiupima uongozi wao kwa majengo, utasema walishindwa. Ukiupima kwa roho zilizookolewa, utavua kofia.

Mvua ya alasiri ilinikuta Kericho. Huku watu hawaishangai. Wanatoa miavuli kama vile mtu wa pwani anavyovaa kofia. Kabla haijakolea nilipita kuliona Kanisa Kuu la Moyo Mtakatifu la jimbo Katoliki, lililotabarukiwa mwaka 2015, lenye nafasi ya waumini 1,500 na paa refu linalozidi kupanda kadiri unavyoikaribia altare. Ni jengo la kupendeza. Lakini safari yangu ilikuwa ya mashambani, na asubuhi nikaingia barabara ya Litein.

Pande zote mbili ni chai, iliyokatwa sawasawa hadi upeo wa macho, na katikati yake safu za nyumba ndogo za wafanyakazi. Mgeni hupiga picha. Mwenyeji anaijua historia iliyo chini ya kijani hicho. Kampuni za Uingereza zilianza kupanda chai hapa katika miaka ya 1920, kwenye ardhi ambayo Wakipsigis walikuwa wameondolewa. Mwaka 1934 serikali ya kikoloni iliukusanya ukoo wa Talai, ambao ulikuwa na viongozi wa kiroho wa Wakipsigis, ikauhamishia Gwassi, kando ya Ziwa Victoria, nchi ya mbung'o na malaria. Madai ya ardhi na fidia yamefikishwa mpaka Umoja wa Mataifa, na hayajaisha.

Kisha kuna habari ya nyapara. Katika shamba kubwa la chai, nyapara ndiye anayempangia mchunaji sehemu ya kazi, ndiye anayeamua nani ataitwa kesho na nani atabaki nyumbani. Kwa kibarua mwenye watoto wanne, huyo ni mtu mkubwa kuliko mbunge. Mnamo Februari 2023 BBC ilitangaza uchunguzi ambamo wanawake zaidi ya 70 walieleza kwamba wasimamizi wao katika mashamba ya chai waliwadhulumu kingono, wengine wakilazimishwa kutoa ngono ili wapate kazi au wasiipoteze. Baadhi ya waliotajwa walisimamishwa kazi, na Bunge likataka uchunguzi. Naamini baadhi ya wasimamizi wa namna hiyo huimba kwaya Jumapili. Mtu anayetaka kuandika juu ya uongozi wa upendo katika nchi hii aanzie hapo, kwa sababu hapo ndipo neno hilo linapokuwa na maana. Mamlaka yoyote juu ya mkate wa mtu mwingine ni mahali pa kumheshimu Mungu au kumtukana.

Mwenyeji wangu alikuwa mama mkulima upande wa Litein, kiongozi wa ushirika wa akina mama katika kanisa lake na mjumbe wa kamati ya kituo cha kununulia chai. Ana ekari moja na kidogo. Ni mmoja wa wakulima wadogo zaidi ya 600,000 wanaouza majani kupitia mashirika ya viwanda vinavyosimamiwa na KTDA, shirika la kuendeleza chai ya wakulima wadogo lililoundwa mwaka 1964 ili Mwafrika naye apande zao ambalo walowezi walikuwa wakijitengea.

Tuliingia shambani umande ukiwa bado mzito. Alivaa aproni ya plastiki, kikapu mgongoni, akaanza kuchuna kwa mikono yote miwili bila kutazama: majani mawili na kichipukizi, majani mawili na kichipukizi, kisha konzi inarushwa nyuma ya bega. Vidole vyake vina rangi ya kahawia isiyotoka kwa sabuni. Kila kichaka hurudiwa baada ya wiki moja au mbili. Ukichelewa jani linakomaa na kiwanda hakilitaki. Alichuna huku akiimba tenzi za Kikipsigis kwa sauti ya chini, na kila tulipofika mwisho wa mstari alinionyesha kitu: hapa mvua ya mawe ilipiga mwaka ule, pale alipanda miche na marehemu mume wake.

Saa nane tulikuwa kituoni. Watu wameketi juu ya magunia, karani na mizani yake, lori la kiwanda likitarajiwa wakati wowote. Kijana mmoja, huenda hajafika miaka ishirini, alileta kikapu chake kikakataliwa: majani makuukuu yalikuwa mengi mno. Karani hakuwa na kosa, kanuni ni kanuni. Wazee wawili walianza kumkemea kijana kwamba vijana wa siku hizi wanataka kilo bila kazi. Yeye akainama tu, kikapu miguuni.

Mwenyeji wangu aliacha foleni yake. Alikimwaga kikapu cha yule kijana juu ya meza ya kuchambulia, akaanza kutenga jani moja moja: hili zuri, hili tupa, hili lishike uone lilivyo gumu. Hakusema mengi. Baada ya muda mama mwingine akaja, halafu mmoja wa wale wazee waliokuwa wakifoka. Lori lilipopiga honi kilima cha pili kikapu kilikuwa kimepungua karibu nusu, lakini kilipita. Karani akaandika kilo, kijana akapokea risiti yake, akasema "kongoi", ahsante, akiwatazama mmoja baada ya mwingine.

Nilimsifu mama yule tukirudi nyumbani. Akatikisa kichwa. "Mama yake alifariki mwaka jana, yeye ndiye anayewalea wadogo zake. Karani angempitisha kwa huruma, kiwanda kingeshusha daraja la chai yetu sote. Wangemfukuza, kesho asingekuja. Sasa unafikiri ningefanyaje?"

Nimelifikiria jibu hilo mara nyingi. Uongozi wa upendo mara nyingi huelezwa kana kwamba ni upole tu, kulegeza kamba. Pale kituoni kanuni haikuvunjwa hata kidogo. Kilichobadilika ni kwamba mwenye mamlaka aliacha foleni yake akaenda upande wa yule aliyeshindwa, akatumia muda na vidole vyake mwenyewe. Ndivyo ninavyoielewa karamu ile ya mwisho ambapo Bwana alijifunga kitambaa akawaosha wanafunzi miguu. Hakuwaambia kwamba miguu michafu haina neno. Aliiosha.

Jioni, ikiwa baridi na jiko limekolea, tulizungumza habari ya bonasi. Mkulima wa chai hulipwa kidogo kila mwezi, halafu mara moja kwa mwaka hupata bonasi, na bonasi ndiyo karo ya shule, ndiyo mabati, ndiyo deni la mbolea. Kwa miaka ya karibuni viwanda vya magharibi ya Bonde la Ufa, Kericho na Bomet zikiwamo, vimelipa bonasi ndogo kuliko vya mashariki ya Bonde. Bei ya chini iliyowekwa katika mnada wa Mombasa mwaka 2021 kwa nia ya kumlinda mkulima ilifanya chai nyingi ya huku ilale ghalani bila mnunuzi. Wakulima wameandamana, wengine wameng'oa chai wakapanda mahindi.

Katika ushirika wao wa akina mama, bonasi iliposhuka, waliokuwa wamekopa mfukoni mwa kikundi walianza kukwepa ibada kwa aibu. Kiongozi wao, huyu mwenyeji wangu, alifanya jambo moja: alileta daftari kanisani akalisoma mbele ya wote akianza na deni lake mwenyewe. Kisha wakakubaliana muda mpya wa kulipa, na wenye ng'ombe wa maziwa wakajitolea kuchangia walio na mtoto kidato cha nne. "Tuliomba pia," aliniambia. "Lakini tuliomba daftari likiwa wazi." Niliona kwamba kumtumaini Mungu hakukumwondolea mama yule hesabu, kulimpa ujasiri wa kuzitazama.

Kutoka Litein unapita Kapkatet hadi Kaplong, ndipo barabara inapokata kushoto kwenda Bomet. Chai inapungua, mahindi na ng'ombe vinaongezeka. Ng'ambo ya mji jirani wa Sotik ni Borabu, nchi ya Wakisii, na mpaka huo mwaka 2008 ulikuwa uwanja wa vita: nyumba zilichomwa, vijana wa pande zote mbili walipigana kwa mishale. Leo malori ya ndizi na ya maziwa yanavuka bila kuulizwa. Dereva wetu alinionyesha mahali palipokuwa na kizuizi cha mawe, kisha akaongeza sauti ya redio, nami nikaelewa kwamba hataki kusema zaidi.

Baada ya Bomet unapanda kuelekea Silibwet, chai inarudi, na mto Nyangores unasikika kabla ya kuonekana. Mto huu huzaliwa katika msitu wa Mau, hukutana na Amala kuwa mto Mara, ule ule wanaouvuka nyumbu Maasai Mara. Tenwek iko juu ya maporomoko yake. Langoni unasoma wito wa hospitali, ambao kwa Kiswahili ni: tunatibu, Yesu huponya.

Ilianza mwaka 1937 kama zahanati ndogo ya wauguzi. Mwaka 1959 akaja daktari wa kwanza, Ernie Steury, kijana kutoka jimbo la Indiana nchini Marekani, pamoja na mkewe Sue. Kwa takriban miaka kumi alikuwa daktari pekee. Alitibu malaria, akazalisha, akapasua matumbo, akajifunza Kikipsigis ili mgonjwa asihitaji mkalimani wa kueleza maumivu yake. Kabla ya upasuaji waliomba, na desturi hiyo haijakoma: nilielezwa kwamba mpaka leo mgonjwa akishalazwa mezani, mmoja wa timu humwombea kabla kisu hakijashikwa.

Kulikuwa na jambo la umeme. Jenereta ya dizeli iliwashwa kwa saa chache tu, mafuta yakiwa ghali na njia mbovu, huku chini ya kilima maji yakimwagika usiku na mchana. Ilichukua miaka mingi ya kuomba, kuchangisha na kupima hadi mwaka 1987 mtambo ulipokamilika: maji huchepushwa juu ya maporomoko, hushuka kwa bomba, huzungusha mitambo, kisha hurudi mtoni. Nilisimama ukingoni na muuguzi mstaafu aliyefanya kazi enzi zile za taa ya karabai. "Watu husema tulingoja muujiza," aliniambia. "Muujiza ulikuwapo tangu Mungu aumbe mto. Tulichongojea ni sisi wenyewe kuchimba."

Ndani, korido zimejaa watu wa blanketi na chupa za chai. Wengi huja na ugonjwa ambao nchi hii inaujua vibaya: saratani ya umio, njia ya chakula. Inaanza kwa ugali kukwama, halafu uji, halafu hata mate. Watafiti bado wanachunguza kwa nini imeenea hivi katika ukanda huu. Chai na uji wa moto sana ni miongoni mwa vinavyoshukiwa. Wagonjwa wengi hufika wakiwa wamechelewa kupasuliwa. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1990 madaktari wa Tenwek wamekuwa wakiwawekea mrija wa wavu wa chuma unaotanuka ndani ya umio, na mwaka 2009 walichapisha matokeo ya mamia ya wagonjwa katika jarida la kitabibu la kimataifa. Mrija hauondoi saratani. Unamrudishia mtu kumeza.

Nje ya wodi niliketi na binti aliyemleta baba yake. Mzee alikuwa hajapitisha hata maji kwa siku kadhaa. Jana aliwekewa mrija, leo asubuhi alikunywa kikombe cha chai ya maziwa, taratibu, akakimaliza. Binti alinieleza hayo akicheka na machozi yakimtoka. Anajua baba hatapona. Mchungaji wa hospitali alikuwa ameketi nao kitako kwenye benchi, hakuwaficha hilo, aliwaombea, kisha akamuuliza mzee kama kuna mtu wa nyumbani ambaye angependa kupatana naye. Kulikuwa na ndugu. Ndugu huyo alikuwa njiani.

Hapo ndipo nilipouelewa wito ulioandikwa langoni. Kutibu ni kazi yetu, na lazima ifanywe kwa ustadi wote: mrija uwe wa kufaa, mkono uwe umefunzwa, hesabu iwe sahihi. Kuponya si letu. Mtu anayejua mpaka huo hufanya kazi kwa bidii bila kujiona Mungu anapofaulu, wala hakimbii anapozidiwa. Ndiyo maana mwaka 2008 hospitali iliweza kuwapokea majeruhi wa mishale na mapanga huku nchi ikiungua, ikawashona walioletwa.

Steury alifariki mwaka 2002. Kufikia hapo Tenwek ilikuwa na chuo cha uuguzi. Baadaye ikawa mahali pa kuwafunza madaktari Waafrika upasuaji, na leo inapasua hata mioyo ya vijana walioharibiwa vali na homa ya baridi yabisi, ugonjwa unaoanza kwa koo la mtoto lisilotibiwa. Hospitali ni ya Kanisa la Africa Gospel, na Wakenya ndio wanaoiongoza. Mtu aliyekuwa daktari pekee kwa miaka kumi angeweza kuufanya upekee huo kuwa kiti cha enzi. Kanisa letu limejaa waanzilishi ambao wakiondoka kila kitu huanguka, na waumini hulia wakidhani huo ni ushahidi wa ukubwa wao. Ninadhani ni kinyume chake. Aliyempenda mgonjwa kuliko jina lake huhakikisha kwamba mgonjwa wa kesho atampata daktari, hata kama daktari huyo hatamkumbuka aliyemtangulia.

Kwa hiyo nikirudi kwetu, kwenye kanisa, chama au ofisi, nitamuuliza kila anayeomba tumfuate swali ambalo nchi ya chai imenifundisha: umemfunza nani kazi yako, na je, ukiwa hupo, yule mwenye kikapu kilichokataliwa atapata wa kuketi naye mezani?